Mlango wa kuchonga na kiti namba 14: uchambuzi wa hatima ya majumba ya sinema ya Pwani

Katika daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba moja mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, kuna viti viwili vya chuma vilivyoungana kwa mkono mmoja, vyenye kalio la mbao linalojikunja lenyewe mtu anapoinuka. Mgongoni mwa kimoja kimesalia kibati kidogo chenye namba 14. Mwenye nyumba alivinunua Mombasa, siku jumba moja la sinema lilipofungwa na vyombo vyake vikauzwa kimoja kimoja, akavisafirisha juu ya basi hadi gati ya Mokowe, upande wa bara, kisha akavivusha kwa mashua. Viti hivyo vimewekwa ubavuni mwa mlango wa kuchonga ambao wageni husimama kuupiga picha kila siku. Nimekaa hapo jioni nyingi baada ya sala ya alasiri, na sijamwona hata mgeni mmoja aliyeelekeza kamera yake kwenye viti.

Sheria ya nchi nayo hulitazama daka hilo kwa jicho la mgeni. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inautaja mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Kimashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa, bila kusubiri waziri autangaze. Kwa vitu vingine vinavyohamishika sheria hiyo imeweka mpaka wa mbali zaidi: ili kiitwe kitu cha kale, sharti kiwe kimetengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo ulichaguliwa kwa sababu inayoeleweka, kwa kuwa ndio Waingereza walipotangaza himaya yao Afrika Mashariki. Lakini ni mwaka huo huo, tarehe 28 Desemba, ambapo ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zinazotembea mbele ya watu waliolipa kiingilio katika mkahawa mmoja jijini Paris, na tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa siku ya kuzaliwa kwa sinema. Maana yake ni kwamba mpaka wa sheria yetu umepita juu ya kichwa cha sinema nzima. Hakuna mashine ya kuonyeshea filamu, hakuna kanda, hakuna tiketi, hakuna kiti kitakachofikia kuitwa kitu cha kale nchini Kenya, hata kikingoja miaka mia tatu, kwa kuwa kipimo chenyewe hakisogei pamoja na miaka. Njia pekee iliyobaki ni waziri kukitangaza, na waziri hutangaza kile ambacho watu wamekiombea.

Nimeanza na sheria kwa sababu mjadala uliotukalisha barazani majuma kadhaa ulihusu jambo ambalo watu wengi hulidhania kuwa la mapenzi tu. Habari zilitufikia za juhudi zinazoendelea Unguja, zikiongozwa na taasisi ya Hifadhi Zanzibar, za kulirejeshea uhai jumba la Majestic la Mji Mkongwe, lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya jumba lililotangulia, Royal, kuteketea kwa moto. Barazani pakagawanyika. Wapo walioona kwamba jambo hilo linafaa kuigwa Mombasa, ambako majina ya majumba ya Regal, Naaz na Majestic nyingine bado yamo vinywani mwa watu wazima, na wapo walioona kwamba ni kupoteza fedha kwa ajili ya kumbukumbu za watu ambao ujana umewapita.

Upande huu wa pili una hoja zenye uzito, na anayezipuuza hawezi kusikilizwa na mwenye jumba hata mmoja. Ya kwanza ni ya hesabu. Biashara ya sinema ilipigwa na deki za video katika miaka ya 80, watu walipoanza kukodi kanda na kutazama nyumbani, kisha ikapigwa na runinga za setilaiti, kisha na simu. Na pale studio kubwa za Marekani zilipoanza kuacha filamu za milimita 35, karibu na mwaka 2014, mashine zilizokuwa zimebaki zikakosa cha kuonyesha. Mwenye jumba alibaki na ukumbi mkubwa katikati ya mji, kodi ya ardhi inayodaiwa kila mwaka, na paa linalovuja. Kumwita mroho kwa sababu amekodisha jumba lake kwa mwenye duka ni kumwonea. Hoja ya pili wanaijua zaidi watu wa Lamu. Mji wetu ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986 na kuingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nasi tumeona jinsi sifa inavyopandisha bei, na jinsi nyumba za mababu zilivyonunuliwa na wageni kwa kuwa wenyewe hawakumudu matengenezo yanayotakiwa. Hoja ya tatu ni ya uwezo. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani la mwaka 1883 huko Unguja, lilibomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 huku matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Mzee mmoja aliuliza: ikiwa jumba la Sultani limewashinda wenye nalo, nani ataibeba sinema?

Hoja ya nne ilisemwa kwa sauti ya chini, na mzee aliyeisema ninamheshimu. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba ile ilitoa watoto msikitini ikawatia gizani." Siwezi kumjibu kwa kumwambia kwamba hakuona alichokiona. Ninachoweza kuongeza ni kile ambacho wanawake wa rika lake hukieleza. Unguja na Mombasa kumbi ziliweka maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, na kwa wengi wao hayo yalikuwa miongoni mwa matukio machache nje ya harusi na matanga ambapo mamia ya wanawake wa mitaa mbalimbali walikaa chini ya paa moja, mabuibui yameteremshwa mabegani, wakilia pamoja kwa msiba wa mwanamke wa Kihindi ambaye lugha yake hawakuijua lakini mama mkwe wake walimjua vizuri. Mashairi ya filamu hizo yalirudi nyumbani yakavaa maneno ya Kiswahili, na sauti zake zikaingia katika taarabu. Ukitaka kuandika historia ya wanawake wa Pwani katika karne ya 20 ukaliruka jumba la sinema, utakuwa umeruka chumba walichokuwamo.

Hata hivyo hoja iliyonisukuma kuandika si hii ya kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu zinaweza kukaa katika vitabu. Wanaotaka majumba haya yahifadhiwe hudhaniwa kuwa wanataka filamu zirudi, foleni zirudi, na karanga za kukaanga zirudi mlangoni. Baadhi yao wanayataka hayo. Lakini kiini cha dai lao ni kitu cha ujenzi, na ni kitu kinachoweza kupotea kwa siku tatu.

Sakafu ya ukumbi wa sinema haikulala bapa. Huanza juu, mlangoni, ikateremka polepole hadi chini ya kiwambo, ili aliyekaa safu ya ishirini aone juu ya kofia ya aliyekaa safu ya kumi na tisa. Juu yake hakuna nguzo hata moja katikati, kwa kuwa nguzo moja ingewanyima watu kumi walicholipia; paa lote limebebwa na kuta za pembeni na mihimili mirefu ya chuma. Katika miji yetu ya mawe, ambako upana wa chumba umeamuliwa tangu zamani na urefu wa boriti ya mkandaa, na ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, ukumbi wa namna hiyo haukuwahi kuwapo kabla ya sinema. Mtu akisema kwamba jumba la sinema si la Kiswahili kwa kuwa halikujengwa kwa boriti na chokaa, anasahau kwamba hiyo ndiyo thamani yake: liliwapa watu wa mji kitu ambacho boriti haikuweza kuwapa.

Miaka michache iliyopita niliingia katika duka la jumla Mombasa kununua mchele wa shughuli, nikahisi miguu yangu ikinivuta mbele bila kutaka. Nilipotazama chini ya rafu niliona kwamba miguu ya upande mmoja imeinuliwa kwa vipande vya mbao, vifupi karibu na mlango wa barabarani na virefu zaidi kila ulipoingia ndani, ili magunia yasianguke. Ukutani mbele, nyuma ya mitungi ya mafuta ya kupikia, kulikuwa na fremu kubwa ya plasta iliyozunguka ukuta mtupu. Mwenye duka, kijana mpole, aliniambia kwamba kokoto na saruji zimekwisha agizwa na vijiti vile vitaondoka. Niliporudi mwaka uliofuata sakafu ilikuwa bapa kama ya uwanja wa mpira, na mbele ilikuwa imepanda hadi karibu nusu ya ukuta. Hakuna atakayelipa kuuchimbua mzigo ule. Jumba lingeweza kuwa duka miaka thelathini na kurudi kuwa ukumbi iwapo rafu zingeendelea kusimama juu ya vijiti. Baada ya zege haliwezi tena, ingawa kuta zake zote zimesimama na jina lake bado linasomeka mbele.

Ndiyo maana napima matumizi mapya ya jumba la sinema kwa swali moja: yameiacha sakafu? Kwa kipimo hicho kuna mambo yatakayowashangaza wengi. Nairobi kumbi kadhaa zimegeuzwa makanisa, na watu wa hifadhi huzihesabu kuwa zimepotea. Mimi, ambaye si mshirika wa makanisa hayo, naona kwamba yamezitunza kuliko maduka, kwa sababu mhubiri pia anataka kuonekana na safu ya ishirini. Jumba la Shan huko Ngara lilichukuliwa na wasanii wa sarakasi na leo linaitwa Sarakasi Dome. Linafundisha vijana na kuweka maonyesho. Unguja kwa upande wake ina tamasha la kimataifa la filamu tangu mwaka 1998, na kwa miaka mingi filamu zake zimeonyeshwa uwanjani Ngome Kongwe, chini ya nyota, katika mji uliokuwa na majumba yake ya sinema. Ngome imefanya kazi hiyo kwa heshima, lakini mvua ikinyesha hakuna pa kukimbilia.

Na ngome inatupa sisi wa Lamu jibu la karibu. Ngome yetu ilianza kujengwa mwaka 1813 na kukamilika mwaka 1821. Kuanzia mwaka 1910 hadi mwaka 1984 ilikuwa jela. Ilipokabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa hakuna aliyesema kwamba kuihifadhi ni kutaka wafungwa warudi. Iliachwa na kuta zake na ua wake, ikapewa maktaba na maonyesho, na watu wakaingia kwa hiari mahali ambapo babu zao waliingizwa kwa pingu. Kama jela imeweza kusamehewa kazi yake ya zamani, sioni kwa nini sinema isiweze, hata machoni pa mzee wangu wa barazani.

Upande wa jengo sheria haina kizuizi. Sheria ile ile ya mwaka 2006 inayoweka mpaka wa 1895 kwa vitu vinavyohamishika inasema kwamba jengo la umri wowote laweza kutangazwa mnara wa kumbukumbu, likiwa na thamani ya kihistoria, ya kitamaduni au ya ujenzi. Kwa hiyo jumba la mwaka 1955, au la mwaka 1965, halina la kungoja. Kinachokosekana ni mwombaji, na kinachomtisha mwenye jumba ni kwamba tangazo humfunga mikono bila kumpunguzia mzigo. Hapo nakubaliana na upande wa pili bila kubakiza: hifadhi inayomwachia mmoja gharama ya furaha ya wote haitadumu, na haistahili kudumu. Lakini zipo hatua ndogo kuliko kulifanya jumba makumbusho. Serikali ya kaunti inaweza kumsamehe mwenye jumba sehemu ya kodi ya ardhi kwa sharti moja linaloandikwa katika mkataba wa pango, kwamba mpangaji asimwage zege juu ya mteremko wala asiingize dari ya kati. Mpangaji akaweka rafu, mahema, mashine za kushonea, apendavyo. Gharama ya sharti hilo ni vijiti vya mbao.

Kuhusu vile viti vya Mkomani, mwenye navyo aliniuliza juzi kama kuna mtu wa makumbusho anayeweza kuja kuviandika katika daftari, pamoja na jina la jumba vilikotoka na mwaka aliovinunua. Anasema chumvi ya bahari imeanza kukila kibati, na ile namba 4 imebaki nusu.