Toeni Hiyo Simu Kwenye Mchele

Juzi shemeji yangu kanipigia kwa simu ya mwanawe, sauti kama anatangaza msiba. Simu yake imetumbukia kwenye ndoo ya nguo alizoloweka. "Lakini shem usihofu, nimeshaiweka kwenye mchele." Mchele wenyewe wa Kyela, ule wa wageni, kajaza beseni mpaka simu haionekani, na juu kafunika na sinia. Nikamuuliza kama aliizima kwanza. Kimya. "Si ilikuwa bado inawaka, nikaona haijaharibika."

Jamani.

Kila ukoo una daktari wake wa mchele, anayeamini kwamba unanyonya maji ya kwenye simu, na kila grupu la WhatsApp lina shangazi wa kuuandikia dozi. Apple wenyewe, Januari 2024, waliweka kwenye maelekezo yao kwamba iPhone iliyolowa isitiwe kwenye mfuko wa mchele, maana chembechembe zake zinaweza kuiharibu. Nani kasikia? Huku kwetu mchele umeshakuwa dhehebu.

Hebu tuelewane. Simu inauliwa na umeme wa betri unapokutana na maji yenye chumvichumvi, na maji gani yetu hayana? Ya bomba yanazo, ya kisima ndiyo usiseme, ya sabuni na soda ni balaa zaidi. Umeme ukipita humo, shaba ya kwenye bodi, ile sahani ya ndani yenye saketi za simu, inaanza kuliwa, na kazi hiyo inaendelea wakati wewe umekaa sebuleni unasubiri muujiza. Maji yenyewe yamejibana chini ya vile vibati vinavyofunika IC, yaani chipu za kwenye bodi, kwenye upenyo mwembamba kama karatasi. Punje ya mchele iliyoko nje ya kioo itayafikiaje? Na tuseme yamekauka, chumvi imekwenda wapi? Iko pale pale. Ikija masika na unyevunyevu wake, inaendelea ilipoishia, ndiyo maana simu "iliyopona" inakufa baada ya wiki chache na watu wanasema ni feki.

Kwa hiyo zima. Zima sasa hivi! Usimalizie kwanza meseji, usipige picha kujaribu kamera, na kwa heshima zote usichomeke chaji "kuona kama inaingiza", maana hapo ndipo wengi wanapoimalizia. Toa laini na memori kadi, futa, elekeza tundu la chaji chini maji yachuruzike, kisha mpelekee fundi siku hiyo hiyo.

Na fundi uchague. Niliwahi kukaa kwenye benchi la kijana mmoja Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, analetewa simu iliyozama baharini Kigamboni. Cha kwanza alichofanya baada ya kuifungua ni kuchomoa kontakta ya betri, kwa sababu hata simu iliyozimwa kuna njia ambazo bado zina umeme. Akaitoa bodi peke yake, akabandua vibati, chini yake kuna unga wa kijani umeanza kuota pembeni ya tundu la chaji. Halafu akaichukua ile bodi akaiosha kwa maji safi. Mwenye simu akashika kichwa: "We fundi, maji tena?" Kijana hata hakuinua macho. Chumvi ya bahari lazima itolewe kwanza, akasema, ndipo ikaja spiriti ya isopropili na mswaki laini, anasugua taratibu huku anachungulia kwenye hadubini. Hiyo ndiyo tiba. Nionyesheni mchele unaoweza kushika mswaki.

Haya, nitoe haki kidogo: mchele una faida moja. Ukishaifukia simu humo, angalau vidole vyako vinaiacha ipumzike. Lakini hata kabatini ingepumzika, na penye upepo mzuri ingekauka haraka zaidi, bila vumbi la wanga kwenye tundu la chaji.

Blowa ya saluni? Unapika gundi na betri. Kuianika juani juu ya bati, ni hivyo hivyo.

Halafu kuna ndugu zetu wa "yangu haiingizi maji, ni IP68". Hicho kipimo cha kuzuia vumbi na maji hufanywa maabara, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kwa simu mpya. Ya kwako ni used ya Dubai, imeshabadilishwa kioo, na ile gundi ya kuzuia maji aliyeirudishia ni nani? Kuna kistika ndani ya simu, kwa nyingine utakiona ukichungulia tundu la laini. Kikigusana na maji kinageuka chekundu, na warranti imekuaga hapo hapo, IP68 au siyo. Enzi za kitochi ulikuwa unafungua mfuniko kwa kucha, unang'oa betri, mambo yamekwisha. Siku hizi betri imegundishwa ndani, halafu tunaambiwa ndiyo maendeleo.

Shemeji kakubali kwenda kwa fundi, kwa kununa. Nimemwambia ikiwaka asianze na TikTok. Ahamishe picha zote za harusi siku hiyo hiyo, kwa sababu bodi iliyokwishakunywa maji ya sabuni haina cha kumwahidi mtu.