Mipira imejaa stoo, kocha anakula nini?

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusipotezane. Yule mtu anaongoza kikundi cha vijana pale mtaani kwetu, awe kocha, awe hajati mwenye kufundisha wasichana kushona na kusuka vikapu, awe mwalimu mstaafu anawafungulia watoto nyumba yake jioni wasome, alipwe mshahara. Sio asante, sio "Mungu atakulipa", ni mshahara wa kila mwezi, unajulikana ni kiasi gani na nani anatoa. Na sisi wa kyeyo, tuliokwenda kutafuta kazi ng'ambo, ndio tuanze kuutoa, juu pesa tunatuma tayari, shida ni kwamba karibu yote inaishia kwenye vitu.

Mimi ni mtoto wa Bombo kule Uganda, nimekulia kati ya baraki na msikiti, sasa naishi Leicester huku Uingereza na jioni nikitoka kazini huwa naenda kusaidia kwenye klabu ya vijana ya mtaa. Hapo ndio nimeona vile wenzetu wamepanga. Uongozi wameugawa mara mbili na hawachanganyi. Kuna wadhamini, hao ndio kamiti ya juu, wanapitisha bajeti, wanaweka sahihi, na kwa kawaida hawaruhusiwi kujilipa kwa hiyo kazi ya udhamini. Halafu kuna mfanyakazi wa vijana, huyo ana mshahara, ana likizo, akiumwa hafi njaa. Shirika la msaada likiingiza zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka linatakiwa lijiandikishe kwa Charity Commission, na majina ya wadhamini yanawekwa kwenye intaneti, mimi na simu yangu naweza kuona nani anasimamia klabu ya mtaa wa pili na mwaka uliopita waliingiza ngapi wakatumia ngapi. Mwenye kukaa na watoto lazima kwanza achunguzwe kama ana rekodi ya polisi. Na kitu kilinifurahisha zaidi, kwenye baadhi ya mashirika haya kijana wa miaka 16 tu anaruhusiwa na sheria kuwa mdhamini kamili, anapiga kura kwenye kamiti sawasawa na mzee mwenye mvi. Kwetu Uganda, nchi ambayo watu wengi hawajafika hata miaka 30, ingia kwenye kamiti za vijana uhesabu vijana waliokaa pale mezani.

Lakini huku nako si peponi. Tangu 2010 halmashauri zimekata sana pesa za vijana, klabu nyingi zimefungwa. Na mfanyakazi wa huku saa yake ikiisha anafunga mlango, kijana mwenye shida anapewa namba ya kupiga, na kuna sheria kibao za nini mfanyakazi asifanye na mtoto wa mtu. Nyingine zina maana kabisa, zinalinda watoto. Ila kuna usiku nimeona kijana amesimama nje kwenye baridi hataki kurudi kwao na kila mtu pale anaangalia utaratibu unasemaje.

Nyumbani sasa. Kocha wetu wa Bombo, jina lake silitaji, yeye hana saa. Mchana anaendesha boda, jioni yuko kiwanjani, usiku simu yake haizimwi. Kijana akikamatwa, mzazi anampigia yeye kabla ya kupigia ndugu, anaamka anaenda kumgongea mwenyekiti wa LC1, lile baraza la kijiji, waende kituo cha polisi pamoja. Msichana akikosa ada, yeye ndio anazunguka dukani kwa dukani. Baba na mtoto wakigombana, yeye anakaa katikati mpaka wasikilizane. Anajua mama wa nani anaumwa, anajua nani ameanza kutafuna mairungi, yaani miraa, anajua nani hajala tangu jana juu anaona vile anakimbia. Hiyo elimu hakuna chuo huku kinafundisha, na hakuna fomu unaweza kujaza ukaipata, inatokana na mtu kukaa mahali pamoja miaka na miaka na kupenda watoto wa watu.

Na huyu mtu hatumlipi kitu! Mwisho wa mwaka tunachanga kwenye grupu la WhatsApp, tunatuma jezi, tunatuma mipira, tunapigwa picha. Akipata bahati ya mfadhili mzungu, pesa inakuja kwa projekti, bajeti inasema warsha, chakula cha warsha, fulana za warsha, na kwenye mshahara pameandikwa sifuri. Serikali nayo ina programu zake, ilikuwepo ile ya Youth Livelihood ya vijana wa miaka 18 mpaka 30, ikaja PDM, mpango wa maendeleo wa parishi, mwaka 2022 na milioni mia kwa kila parishi, lakini ile ni pesa ya kukopesha watu wafanye biashara, haimwangalii mtu anawalea hao vijana mpaka wafike umri wa kukopa. Nchi yenyewe kima cha chini cha mshahara ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, sasa utashangaa kazi ya kulea vijana ikihesabiwa bure?

Matokeo yake mnayajua. Wazuri wanaondoka. Nawajua viongozi wa vikundi waliokwenda Dubai na Qatar kulinda milango ya watu, watu wenye vipaji ambavyo mtaa mzima ulikuwa unavitegemea, na kikundi kinakufa wiki ileile juu kila kitu kilikuwa kichwani kwake na kwenye simu yake. Wanaobaki wanaanza kukopa kidogo kwenye mchango, anasema nitarudisha, mtoto wake ameugua, hajarudisha, basi jina limechafuka, "amekula pesa ya watoto". Kuna wezi wa kweli, siwatetei, wafikishwe mahali panapostahili. Lakini mtu umemkabidhi mfuko na nyumbani kwake jiko halijawashwa, huo ni mtihani hakuna mtu anapaswa kuwekewa kila mwezi.

Angalieni Katwe, ule mtaa wa maskini wa Kampala. Robert Katende alianza pale mwaka 2004 na watoto wachache, chesi na uji, na kati ya wale watoto akatoka Phiona Mutesi, akaenda kucheza Olimpiadi ya chesi. Watu wanasimulia hii habari kama muujiza, na ni nzuri kweli, lakini wanaruka kitu kimoja: Katende alikuwa ameajiriwa na shirika la Kikristo la michezo. Kulikuwa na mtu anamlipa ili yeye awe na muda wa kukaa na wale watoto.

Wapo wataniambia kazi ya Mungu haina mshahara. Waislamu wenzangu, someni Surat at-Tawba aya ya 60, mafungu manane ya zaka, wale wanaoitumikia zaka wametajwa mle mle, wana haki yao. Wengine wanasema ukimlipa atang'ang'ania kiti. Hata wasiolipwa wanang'ang'ania mbona, kiti kisipopangiwa muda mtu anakaa tu, LC1 zenyewe zilikaa kutoka 2001 mpaka 2018 bila uchaguzi. Dawa ni kutenganisha, anayelipwa asiwe ndiye anajipangia malipo. Kamiti iwe ya wazazi na majirani, wasilipwe, wawe na muda maalum, na ndani yake wawepo vijana waliokulia kwenye kikundi, sio kuitwa tu siku ya wageni wacheze ngoma.

Sisi wa Bombo tulioko huku tumeanza hivyo. Mchango wa mwezi unaingia kwenye akaunti yenye sahihi tatu, mama mmoja wa mtaa, mwalimu, na kijana aliyelelewa na kikundi, na kocha analipwa kwanza kabla haijanunuliwa hata filimbi. Kiasi anacholipwa kimebandikwa kwa mwenyekiti wa LC1, mwenye wasiwasi aende asome. Boda hajaiacha lakini sasa anaendesha asubuhi tu. Kitu bado tunabishania ni NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, wengine wanasema kikundi kidogo hivi cha nini, lakini tangu sheria ilipobadilishwa 2022 kila mwajiri anahusika hata kama ana mtu mmoja, asilimia 10 kutoka kwetu na 5 kutoka kwake, na mimi nimesema tuilipe, juu huyu kocha naye atazeeka.