Bana, Achia, Bana

Usukani mrefu niliununua kwa sababu ya picha tu. Niliona pikipiki imepigwa kwa pembeni, mikono ya dereva iko juu kama anaomba dua, nikasema na yangu itakuwa hivyohivyo. Kuufunga ilikuwa kazi ya bolti nne. Nikapanda, nikajiona mfalme, nikakata kona ya kushoto injini ikiwa imezimwa. Usukani ukagoma katikati. Mpira wa breki ulikuwa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo.

Nikatafuta mpira mrefu zaidi, ule uliosukwa kwa nyuzi za chuma, na washa mpya za shaba, mbili kila ncha. (Za zamani zimeshabonyea; ukizirudishia zinavujisha.) Mpaka hapo nilikuwa fundi. Ikabaki kutoa upepo ndani ya mpira wa breki.

Oili ya breki haibonyei ila upepo unabonyea, kwa hiyo ukibaki kidogo tu ndani, mkono wa breki unalala mpaka unagusa usukani na pikipiki inaendelea na safari yake. Kuutoa kunataka watu wawili. Wa juu anabana breki na kushikilia. Wa chini anafungua nipeli, ile skrubu yenye tundu kule kwenye breki ya gurudumu, mapovu yanatoka, anafunga. Ndipo wa juu anaachia. Akiachia nipeli ikiwa wazi, unavutwa upepo mwingine.

Nikamwita mdogo wangu. Ni kijana mtiifu mno, na utii ndio ulioniponza. Nikampa amri mbili: "bana" na "achia".

Tulianza vizuri. Kisha nikaona kikopo cha oili pale juu kiko wazi, nikasema, "Ngoja nifunike kwanza, bana."

Akabana, tena kwa nguvu. Oili ikaruka juu kama chemchemi, ikatua kwenye tangi langu jekundu ninalolipaka nta kila wiki. Oili hiyo ya breki ni ya aina ya DOT 4, na rangi kwake ni chakula. Nikakimbilia maji, nikamwagia tangi, nikarudi chini nikiwa sina raha. Nikafungua nipeli. Kimpira cha kukingia kikachomoka, oili ikaingia ndani ya shati hadi kwapani.

"Aah, acha, bana!"

Akaachia. Akabana. Nikasikia upepo unanyonywa kwa furaha.

"Unafanya nini, bana?"

Akabana. "Nabana, kaka."

Sikumjibu. Nilikaa chini nikaurudia mdomo wangu neno kwa neno, nikagundua kwamba tangu asubuhi nimetoa amri zaidi ya thelathini. Tukabadilisha: moja ni kubana, mbili ni kuachia. Jioni nikaufunga mkono wa breki kwa kipande cha tyubu ulale umebanwa, mapovu madogo yajipandishie yenyewe juu. Asubuhi ulikuwa mgumu kama jiwe. Tangi nalo lilikuwa limebabuka sehemu tatu.

Sikuthubutu kuijaribu barabarani. Nikampandisha dogo, injini imezimwa, mimi nikasukuma kwa nyuma uwanjani. Ikashika mwendo, nikaona anaelekea ukutani.

"Nyoosha usukani, bana!"

Pikipiki ikasimama palepale. Mimi sikusimama. Nilimpitia dogo mgongoni, tukaangukia wote kwenye usukani mrefu, pua yangu ikiwa juu ya kile kikopo cha oili.

"Kaka," akasema kutoka chini yangu, "inakamata."

Mkono wake ulikuwa bado umebana. Nikafungua mdomo nimwambie aachie, nikaufunga, nikafikiria kwanza.

"Mbili," nikasema.