Upeni Mvinje Jua Lake

Masika yakikaribia, Mombasa hushikwa na hamu ya kupanda miti. Misikiti, shule, vikundi vya vijana, kamati za mitaa, kila mmoja ana miche yake. Hamu hiyo hunifurahisha sana. Lakini nikisikiliza mazungumzo yenyewe, tunajadili maji, tunajadili samadi, tunajadili mbuzi watakaoitafuna miche, na hakuna anayeuliza jua litaufikia mti ule kwa muda gani. Kisha mvinje, ule mti wetu wa pwani wenye vitawi vyembamba kama sindano, unapandwa uchochoroni kati ya ghorofa mbili, unamwagiliwa kwa bidii mwaka mzima, na watu wanashangaa kwa nini umerefuka bila kunenepa, rangi imepauka, na upepo wa kusi ukivuma unalala chini.

Mvinje hauvumilii kivuli. Maji hayawezi kuziba pengo la jua, na mbolea haiwezi.

Wenzetu wanaoishi Ulaya wanaujua mti uitwao alda, ambao huota kandokando ya mito na kwenye ardhi chepechepe. Wataalamu wa mimea wanauweka alda na mvinje katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la mimea yenye nasaba, liitwalo Fagales, na ukiitazama miti hii miwili utaona wanavyofanana tabia. Yote miwili huzaa vikoni vidogo vigumu ingawa si misonobari. Yote miwili hutangulia kuota mahali palipo wazi, penye udongo duni, kabla miti mingine haijathubutu kufika. Na kwenye mizizi ya yote miwili kuna vinundu ambamo huishi bakteria waitwao Frankia, wanaoivuta naitrojeni kutoka hewani na kuugawia mti, ikawa ndiyo mbolea yake.

Hapo kwenye vinundu ndipo ninapotaka wapandaji wapaelewe vizuri. Bakteria wale hawafanyi kazi bure. Wanaishi kwa sukari inayotengenezwa na mti, na mti hauna njia ya kutengeneza sukari ila kwa mwanga. Ukiuweka kivulini, sukari inapungua, na mti wenye sukari kidogo hauna cha kuwapa wageni wa mizizini. Kwa hiyo kivuli kinauondolea mti chakula chake, na papo hapo kinauondolea mbolea yake. Ndiyo maana mivinje ya uchochoroni hupauka hata ikitiliwa samadi kila mwezi.

Anayetaka ushahidi aende Bamburi. Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo yaliyoachwa wazi baada ya mawe ya matumbawe kuchimbwa kwa ajili ya saruji. Palikuwa hapana udongo wa kutajika. Palikuwa na mwamba mweupe, chumvi, na jua la kutwa bila kizuizi. Aina nyingi za miti zilijaribiwa, na mvinje ukawa mmoja wa michache iliyostahimili. Sindano zake zikaanguka, majongoo wakaletwa wazile na kuzisaga, udongo ukaanza kupatikana kidogo kidogo, na miti mingine ikafuata. Leo pale ni Haller Park, na watoto wetu huenda kuwatazama twiga na viboko. Sisi huku tuna udongo mzuri kuliko machimbo yale, na mivinje yetu inadhoofika. Tulichoukosesha ni lile jua lililokuwa tele pale machimboni.

Chukua sindano moja ya mvinje uitazame kwa karibu. Si jani. Ni kitawi cha kijani chenye vifundo vingi. Ukikivuta polepole kinaachia kwenye kifundo, na pale kilipoachia utaona duara la vijimeno vidogo, saba au vinane hivi. Vijimeno hivyo ndivyo majani yenyewe, na ni vidogo mno kuulisha mti. Kazi yote ya kunasa mwanga inafanywa na vile vitawi vyembamba. Mti ulioumbwa hivi umejiandaa kwa jua kali, upepo na chumvi ya bahari. Haukujiandaa kwa kivuli cha ghorofa.

Sasa tuje kwenye jua lenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Mombasa ipo nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua haliko upande mmoja mwaka mzima. Linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya mwaka linaegemea kaskazini, na mwisho wa mwaka linaegemea kusini. Sisi tuna njia rahisi ya kulikumbuka hilo: Makka ipo karibu kaskazini moja kwa moja kutoka hapa, kwa hivyo upande wa kibla ndio kaskazini. Mwezi wa Juni jua la mchana liko upande wa kibla, na ukuta unamwaga kivuli upande wa pili. Desemba mambo yanageuka.

Ghorofa lenye urefu wa mita 30 hutupa kivuli cha mita 15 hivi kuelekea kusini saa sita mchana mwezi wa Juni. Mwezi wa Desemba kivuli hicho kinakuwa kama mita 10, kuelekea kaskazini. Asubuhi na jioni kinarefuka zaidi, kuelekea magharibi na mashariki. Kwa hiyo anayekwenda kupima mahali mwezi wa Machi, jua likiwa utosini, ataona uwanja mzima unang'aa na kudhani amepata. Arudi Juni aone. Na asiyeweza kungoja Juni awaulize majirani wanapoanika nguo zao wakati wa kusi. Wao wanajua.

Mzee mmoja anayeuza miche kando ya barabara kule Kisauni ana tabia ninayoipenda. Kabla hajapokea pesa humuuliza mteja: "Mwanangu, huko waendako kuupanda, jua lafika saa ngapi, na laondoka saa ngapi?" Mteja akijibu kuwa linafika saa tano na kuondoka saa nane, mzee humwonyesha mche mwingine. Natamani kila kamati ya upandaji ingekuwa na mtu kama yeye.

Nawasikia wanaosema jua la Mombasa ni kali mno, litaunguza miche. Hoja hii ina ukweli wake, kwa mche uliolelewa chini ya wavu wa kivuli kisha ukatolewa ghafla juani. Dawa yake ni kuuzoesha: uanze na jua la asubuhi peke yake, uongezewe muda wiki baada ya wiki, ndipo upandwe mvua zikiwa zimeshika. Mara nyingi kinachoua miche ni vile viriba vyeusi, yaani vifuko vya kuoteshea miche, kuachwa juu ya saruji yenye moto, mizizi inachemka huku sisi tunalaumu anga. Wavu uwe wa siku za mwanzo tu. Vitalu vinavyoifungia miche ya mvinje chini ya wavu mpaka siku ya kuuza vinatuuzia miche dhaifu, na tuvikatalie.

Kuna pia walioniuliza kama alda wa Ulaya waweza kuletwa hapa, kwa kuwa jua tunalo. Mimi nasema usiletwe. Kule kwao Helsinki mchana wa Juni hudumu kwa muda wa karibu saa 19, kisha baridi inakuja na mti unapumzika. Hapa tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki nusu saa, na baridi hiyo haipo. Alda wa Amerika ya Kusini umepandwa kwenye milima ya Rwanda na Kabale kule Uganda, kwenye ubaridi na mvua, na huko ndiko mahali pake. Pwani tumejaaliwa mvinje.

Basi kamati zinazojiandaa na masika, tembeeni viwanja vyenu saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri, na mchore vivuli kwa vigingi. Panapopata jua kwa muda mwingi wa mchana, pandeni mivinje, tena msiibananishe, kwa sababu ikikua itanyimana mwanga yenyewe kwa yenyewe. Kwenye nyua zenye kivuli pandeni tambuu au tangawizi, vitashukuru. Na pale mwarobaini mkubwa ulipokwisha kutanda, uacheni hapo hapo, miche ya mvinje ipelekeni uwanja mwingine.