Divisheni ya 76 Haikuwa Ghala, Ilikuwa Kitalu

Katika historia ya upungufu wa askari wa miguu ulioliandama jeshi la Uingereza kule Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1944, ipo tarakimu moja ambayo ni rahisi mno kuigeuza hati ya mashtaka. Tarehe 30 Juni mwaka huo, siku 24 baada ya majeshi kutua ufukweni, divisheni za akiba (divisheni ni kikosi kikubwa cha maelfu ya askari) zilizobaki Uingereza zilikuwa na jumla ya askari 22,355, na kati yao ni 1,100 tu waliokuwa tayari kuvushwa mara moja kwenda kujaza nafasi za waliouawa na waliojeruhiwa. Wengine wote, yaani 21,255, walihesabiwa kuwa hawafai kwa wakati huo, ama kwa sababu za kiafya, ama kwa kuwa mafunzo yao hayajakamilika. Msomaji mwenye haraka atauliza ni jeshi gani hili linalokalia watu zaidi ya 21,000 nyumbani huku likilia kwamba halina watu vitani.

Kwa maoni yangu swali hilo limezaliwa na neno lenyewe la akiba. Kwetu sisi akiba ni mahindi yaliyokwisha kukauka na kuingizwa ghalani, au fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Ni kitu kilichokamilika kinachosubiri siku ya haja, na ndiyo maana tunasema akiba haiozi. Divisheni ya 76 ya askari wa miguu, ambayo nataka kuieleza hapa, iliitwa ya akiba kwa miaka karibu miwili, lakini anayeitafuta ghalani hataiona. Mahali pake ni kitaluni, penye miche ambayo mingi, siku yoyote utakayokwenda kuihesabu, itakuwa bado haijafika kimo cha kuhamishiwa shambani.

Asili yake ni ile hofu ya mwaka 1940. Jeshi lililookolewa Dunkirk, bandari ya Ufaransa, lilirudi nyumbani bila mizinga yake, bila magari yake na bila sehemu kubwa ya zana zake nzito, na katika miezi ya kiangazi iliyofuata Uingereza iliandikisha watu kwa kasi kubwa, ikaunda zaidi ya batalioni mia moja mpya za askari wa miguu, kila moja ikiwa na mamia ya watu. Watu walikuwepo, vifaa havikuwepo. Kutokana na batalioni za namna hiyo ziliundwa zile zilizoitwa divisheni za kaunti, ambazo kwa kweli zilikuwa divisheni kwa jina tu, kwa kuwa hazikuwa na mizinga wala usafiri unaoiwezesha divisheni kuhama na kupigana. Kazi yake ilikuwa kukaa ufukweni na kungoja. Ile ya Norfolk iliundwa Desemba 1940, katika kaunti yenye pwani ndefu inayotazama Bahari ya Kaskazini, yenye kingo za udongo zilizosimama wima kule Cromer na Sheringham na nchi tambarare nyuma yake, mahali ambapo kila afisa aliyeshika ramani aliweza kumwona adui akishuka. Askari wake walitandaza seng'enge, walifukia mabomu, na walikesha kwenye vibanda vya zege ambavyo vingine vinasimama hadi leo, vikiinamia baharini kwa kuwa bahari imekula ardhi iliyovibeba.

Novemba 1941 divisheni hiyo ya kaunti ikapewa namba 76 na kuongezewa silaha na vikosi vya kusaidia, ingawa iliendelea kuwekwa katika daraja la chini, lile la divisheni za kulinda nyumbani, ambazo hazikupewa watu na zana kwa kiwango cha zile zilizoandaliwa kwenda ng'ambo. Nembo iliyovaliwa begani ilikuwa mashua ya Norfolk iitwayo wherry, yenye tanga moja kubwa, iliyokuwa ikibeba mizigo katika mito na maziwa yenye kina kifupi ya kaunti hiyo. Mtu wa pwani yetu angeielewa mara moja, kwa kuwa ni ndugu ya mashua zetu za mizigo: hupakia bandari hii, hupakua bandari ile, kisha hurudi tupu kuchukua shehena nyingine. Waliochagua nembo hiyo walikuwa wakiiwaza Norfolk tu, lakini hakuna picha ambayo ingeieleza vizuri zaidi kazi iliyokuja baadaye.

Kazi hiyo ilianza mwishoni mwa mwaka 1942, ilipoamuliwa kwamba Divisheni ya 76 iwe ya akiba, pamoja na nyingine chache, zikiwamo ya 48, ya 77 na baadaye ya 80. Ili kuielewa ni lazima kumfuata kuruta. Kuanzia Julai 1942, kijana aliyeitwa jeshini hakuandikishwa tena moja kwa moja katika kikosi cha kaunti yake. Aliingia kwanza katika kundi la jumla la makuruta, akafundishwa kwa wiki sita kupiga kwata, kutunza bunduki na kulenga shabaha, na katika wiki hizo akapimwa akili na vipaji vyake ili ijulikane kama anafaa kuwa fundi wa mitambo, mtu wa mawasiliano, mpiga mzinga au askari wa miguu. Aliyeangukia upande wa miguu alipelekwa kwenye kituo cha mafunzo cha askari wa miguu, na akitoka huko ndipo alipofika katika divisheni ya akiba kwa wiki tano za mwisho.

Wiki tano si nyingi, lakini nadhani ndizo zilizobeba uzito wote. Hadi hapo kijana alikuwa amejifunza mambo ya mtu mmoja: bunduki yake, miguu yake, buti zake. Sasa alitakiwa kujifunza kuwa mmoja kati ya watu kumi wa seksheni, kisha sehemu ya platuni, kisha ya kombania. Kujua nani anafyatua na nani anasogea, nani anabeba bunduki ya rashasha iwapo mwenye nayo ameanguka, na jinsi ya kulala shambani kwenye mvua ya Norfolk bila kuugua na bila kulalamika kupita kiasi. Mwisho wake kulikuwa na zoezi la siku tatu mfululizo, kisha kijana akawa tayari kupangiwa kikosi chochote kitakachomhitaji.

Kwa aliyebaki, yaani mwalimu, hesabu ni ya kuchosha. Mkondo wa wiki tano maana yake ni kwamba sajenti mmoja angeweza kuanza upya mara kumi kwa mwaka, na sura mpya, majina mapya na makosa yaleyale. Kila alipoanza kuwa na platuni inayoeleweka, ilichukuliwa. Afisa wa divisheni ya vitani huonja angalau matunda ya kazi yake, hata yakiwa machungu. Huyu wa kitaluni aliwaona watu wake wakipanda treni, na basi. Ninapoona watu wakizipima divisheni kwa orodha ya vita zilizopigana, hujiuliza ni kwa mizani gani wangempima sajenti huyo.

Namna yenyewe ya kufundisha nayo ina historia ya kupendeza. Mwaka 1941, katika Divisheni ya 47 ya London iliyoongozwa na Meja Jenerali Utterson-Kelso, afisa mmoja aitwaye Lionel Wigram alisukuma mbele wazo kwamba mapigano ya kikundi kidogo yanaweza kuvunjwavunjwa hatua kwa hatua na kufundishwa kama kwata, kwanza kwenye uwanja wa gwaride, kisha porini, mwishowe chini ya risasi za kweli zinazopita juu ya vichwa vya wanafunzi. Wazo hilo lilienea jeshi zima. Wakosoaji walisema linamfanya askari mashine, na kuna wakati baadhi ya shule zilivuka mipaka, zikiwapeleka watu machinjioni wazoee damu, hadi wakubwa wakapiga marufuku. Hata hivyo naona kwamba kwa kijana mwenye wiki tano tu, hatua zilizokaririwa zilikuwa bora kuliko hekima ambayo hangepata muda wa kuipata. Wigram mwenyewe aliuawa Italia Februari 1944, akiongoza shambulio pamoja na wapiganaji wa msituni wa Kiitaliano.

Nirudi sasa kwenye ile tarakimu. Ukiwa na mafunzo ya wiki tano, siku yoyote utakayosimamisha saa na kuhesabu, wengi wa waliomo watakuwa hawajamaliza. Hilo ni umbile la kitalu, si hila ya mtu. Nakiri kwamba 1,100 kati ya 22,355 ni chini ya asilimia 5, na kwamba ratiba peke yake haiwezi kueleza uchache huo. Ndani ya jumla hiyo walikuwamo watu wa afya dhaifu, na Divisheni ya 77 ilikuwa imegeuzwa mahali pa kuwapokea waliotoka hospitali na wasio na kituo kwa muda. Lakini wanaoinukuu tarakimu ya Juni wangefanya haki wakinukuu na ile inayoifuata, kwamba katika miezi sita iliyofuata hadi asilimia 75 ya watu haohao walivuka kwenda kuimarisha Kundi la Majeshi la 21, yaani majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliyokuwa yakipigana ng'ambo. Miche ilikua, na ilipandwa.

Kosa, kama tunalitafuta, lilifanyika mapema zaidi na mahali pengine. Waliopanga uvamizi walikadiria kwa upungufu ni watu wangapi wa miguu wangeangamia katika mashamba yaliyozungushiwa maboma ya miti kule Normandy, na kwa miaka mingi vijana wengi walikuwa wamegawiwa kwa jeshi la anga, jeshi la majini, viwanda na mizinga ya kutungulia ndege. Ilipofika Agosti 1944 Divisheni ya 59 ilivunjwa ili watu wake wagawanywe, na kabla ya mwaka kwisha zamu ikaifikia ya 50, iliyokuwa imepigana Afrika ya Kaskazini na kutua Normandy siku ya kwanza. Anayeagiza mbegu kidogo asimlaumu mtunza kitalu.

Jambo ambalo siwezi kulitetea ni upweke. Jeshi la Uingereza lilijivunia kikosi cha kaunti, ambapo watu wa wilaya moja walivaa beji moja na kujuana kwa majina ya baba zao. Mfumo wa mwaka 1942 ulimtoa kijana mikononi mwa watu wake, na akiba ya mwaka 1944 ilimpeleka popote palipo na pengo, pengine usiku, kwenye handaki la watu wasiomjua, ambao walikuwa wamechoka mno kujifunza jina lake.

Septemba 1944 Divisheni ya 76 ilivunjwa, na mahali pake pakachukuliwa na Divisheni ya 47, ileile ya Wigram, iliyopewa sasa jukumu la mafunzo. Kwa ajili ya kuwahadaa Wajerumani ilitangazwa kinyume chake: kwamba 76 ingali hai na imeshika nafasi ya 47. Kwa hiyo divisheni hii, ambayo haikufyatua risasi dhidi ya adui ilipokuwa na watu, iliingizwa vitani ilipokuwa haina hata mmoja.

Vijana waliopita mikononi mwake hawatambuliki tena. Katika makaburi ya Bayeux na Ranville, kule Normandy, karibu kila jiwe la askari wa Uingereza limechongwa beji ya kikosi ambacho askari alikuwa akikitumikia siku alipokufa, na mashua ya Norfolk haimo.