Mnyama si mtu, sawa, lakini dawa ya TB tutaifuata vipi ndani ya pafu?

Ami yangu wa Majengo yuko mwezi wa nne wa dawa za TB na kila asubuhi mkojo wake watoka rangi ya chungwa, hiyo ni rifampisini, moja ya dawa hizo, na rangi hiyo humpa moyo sana, asema si waona dawa imeingia. Imeingia kweli, lakini imefika wapi? Hapo ndo tulibishana barazani na binamu yangu, hataki kabisa kusikia sungura wanaambukizwa TB makusudi, wanapewa dawa halafu wanauliwa wapasuliwe mapafu ionekane dawa imefika wapi, asema ni ukatili na isitoshe mnyama si mtu.

Shida ya TB ni vile vinundu vya mapafuni. Katikati ya kinundu nyama hufa ikawa kitu cheupe kizito kama jibini, na humo hamna mshipa wa damu hata mmoja. Ni kama vile vichochoro vya Mji wa Kale, lori la maji laishia barabara kuu, mbele huko ni mkokoteni na mitungi. Dawa nayo yaletwa na damu mpaka ukingoni, kutoka hapo yapenya yenyewe polepole, na nyengine haipenyi. Kwa hivo kupima damu ya mgonjwa hakukwambii mengi kuhusu bakteria waliojificha mule katikati.

Binamu ana hoja nzito moja na siwezi kuikwepa. Panya wa kawaida wa maabara hapati hiyo jibini, bakteria wake wengi wakaa ndani ya seli, na moksifloksasini, dawa nyengine ya kuua bakteria, huingia kwenye seli vizuri sana. Basi kwa panya ikaonekana kwa dawa hiyo matibabu yaweza kufupishwa, wakajaribiwa watu 1,931, Wakenya wakiwemo, na matokeo ya 2014 yakaonyesha waliotibiwa miezi minne walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wa miezi sita ya dawa za kawaida. Hao ni watu jamani, walirudi kukohoa upya.

Lakini sungura hupata vinundu vyenye jibini kama sisi, na tangu 2011 picha za mapafu yake zilishaonyesha moksifloksasini imejaa pembeni na katikati ni kidogo tu. Kwa hivo mimi naona kosa lilikuwa kumuamini mnyama mmoja, tena yule wa bei rahisi. Na hata panya usimtupe, maana mseto wenye rifapentini, ndugu yake rifampisini, pamoja na moksifloksasini nao ulianzia kwake, na 2021 ukathibitika kwa watu kwamba miezi minne yatosha.

Binamu asema basi tumieni mapafu ya watu. Yametumika, ya wagonjwa waliokatwa kipande cha pafu hospitali, na ndo yalithibitisha kwamba rifampisini na pirazinamidi, dawa nyengine ya TB, zafika mpaka kwenye jibini. Ila mtu hukatwa mara moja, huwezi kumrudia saa ya kwanza, ya sita, kesho yake, kwa sungura kila saa yaweza kuwa na wake, na ukitaka kujua dawa yapenya kwa kasi gani hizo saa ndo kila kitu.

Nilipokubaliana nae ni idadi ya sungura wanaouliwa, ipunguzwe. Siku hizi hiyo jibini yaweza kuigizwa maabara, dawa ikaloweshwa ikaonekana yapenya au yanasa, basi zinazonasa zichujwe pale pale asiuliwe sungura bure. Zinazobaki ziende kwa sungura, na hapo binamu alinyamaza lakini hakukubali.