Kabla ya paneli, fikirieni betri

Mwandishi wa makala ya umeme wa jua ameeleza vizuri jinsi watu wa Dar wanavyokimbilia sola, ila suala la betri kalipita haraka mno, na hapo ndipo wengi tunapoumia. Mimi nipo Mbagala, nauza samaki. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 uliniozeshea mzigo mara mbili, nikanunua paneli mbili na betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100. Fundi akaniapia inatosha nyumba nzima.

Haikutosha hata friji. Betri ile ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi (volti 12 mara Ah 100), lakini ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua. Kwa hiyo una kama 600 za kutumia, wakati friji langu peke yake linakula karibu uniti moja, yaani wati-saa 1,000, kwa siku. Miezi minane tu, ikafa. Sasa nina ya lithiamu. Bei yake inauma jamani, lakini naishusha hadi ibaki asilimia 20 na asubuhi inajaa tena. Pasi na hita sizigusishi kabisa.

Na wanaosema Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115 limemaliza shida yote ya umeme, waje mtaani kwetu saa moja jioni. Umeme unazalishwa, sikatai, ila transfoma ikizidiwa tunalala giza vilevile. Ndugu zangu, kabla ya kwenda kununua Kariakoo zidisheni kwanza wati za kila kifaa kwa saa mnazokitumia, kisha mjumlishe.